Kibodi ya 60% au ya 65%? Mwongozo kamili wa kuchagua kati ya kibodi mbili ndogo za kujiundia

Wengi wanaotafuta kibodi ndogo ya kimekanika ya kujiundia huanza na sauti. Hutazama video moja baada ya nyingine, humsikiliza mtu akibofya mbele ya kipaza sauti cha gharama, kisha huchagua ile iliyowapendeza sikioni. Lakini sauti ndicho kitu chepesi kuliko vyote kubadilisha kwenye kibodi ya aina hii. Swichi, vile vifaa vilivyo chini ya kila kitufe, hung'olewa, kofia za vitufe hubadilishwa, sponji huongezwa au kutolewa. Idadi ya vitufe haibadiliki. Namna bodi ya saketi inavyoshikwa ndani ya kasha nayo haibadiliki. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na yale utakayoishi nayo mpaka siku utakapoiuza kibodi, na kumalizia na yale unayoweza kurekebisha jioni moja ukiwa na kibano na bisibisi.

Mfano tutakaoushika ni ule unaowasumbua wengi: 60% dhidi ya 65%. Zipo familia za kibodi zinazouzwa kwa saizi zote mbili, kama Tofu60 na Tofu65 za KBDfans, na hapo mnunuzi hukwama kabisa, kwa kuwa sura ni ileile na vifaa vya ndani vinakaribiana. Kinachobaki ni safu wima moja ya vitufe upande wa kulia. Inaonekana jambo dogo, na kwa baadhi ya watu ni dogo kweli. Kwa wengine ndiyo tofauti kati ya kibodi inayotumika kila siku na kibodi inayokaa rafuni.

Hatua ya 1: Hesabu kinachotofautiana kweli

Asilimia hizi ni makadirio tu ya ukubwa ukilinganisha na kibodi kamili. Kipimo chenyewe ni u, yaani upana wa kitufe kimoja cha herufi pamoja na nafasi yake, ambao ni milimita 19.05. Kibodi ya 60% ina upana wa u 15, ya 65% ina u 16, na zote zina safu mlalo tano. Hiyo ni milimita 285.75 kwa 304.8, bila kingo za kasha. Tofauti yake haifiki sentimita mbili.

Sasa linganisha na unakotoka. Kibodi kamili yenye tarakimu pembeni ina upana wa u 22.5, karibu milimita 429. Ukihamia 65%, kipanya kinakusogelea kwa zaidi ya sentimita 12. Ukiendelea hadi 60% unaongeza hizo mbili pungufu. Nafuu ya bega inayosifiwa sana umeshaipata karibu yote kabla hujafika 60%, kwa hiyo anayekushauri uchukue 60% ili kipanya kipate nafasi anakupa sababu dhaifu. Zipo sababu bora, tutazifikia.

Kwa vitufe, 60% ya mpangilio wa ANSI, ule wa Marekani, ina 61. Ile ya 65% huwa na 67 au 68. Vilivyoongezeka ni mishale minne pamoja na vitufe vichache vya pembeni, mara nyingi Delete, Page Up na Page Down. Zote mbili hazina safu ya F1 hadi F12, na zote zinakulazimu kushika Fn na tarakimu ili kuzipata. Kama kazi yako inakula F5 na F11 mchana kutwa, acha mjadala huu hapa na uangalie 75%, yenye safu hiyo juu. Anayeandika Kiswahili hapotezi chochote kwa yoyote kati ya hizi mbili: herufi zote zipo, na ile alama ya ng' iko mahali pake karibu na Enter.

Kuna mseto unaoitwa 60% ya vitufe 64, wenye mishale ndani ya upana wa u 15. Unavutia kwenye picha. Ili mishale iingie, Shift ya kushoto inapunguzwa hadi u 2, ya kulia hadi u 1, na safu nzima ya Z inasogea robo kitufe kushoto. Vidole vilivyozoea vitalalamika kwa muda, na kofia za Shift zenye vipimo hivyo hazipatikani kwenye kila seti. Mimi ningeuruka.

Hatua ya 2: Jipime mkono kabla ya kulipa

Usimwulize mtu mwingine kama unahitaji mishale. Kiulize kidole chako. Jaribio hili halihitaji pesa.

Kwenye kompyuta unayotumia sasa, zima mishale minne pamoja na Home, End, Page Up, Page Down na Delete. Kwenye Windows utatumia PowerToys, kwenye Mac utatumia Karabiner-Elements, kwenye Linux utatumia keyd. Zote ni za bure. Kisha weka mishale ya badala: Alt ya kulia pamoja na I iwe juu, K iwe chini, J kushoto, L kulia. Fanya kazi zako za kawaida hivyo kwa wiki moja. Zichukue zilezile unazolipwa kuzifanya, maana kuandika sentensi za majaribio hakupimi kitu.

Siku mbili za mwanzo hazihesabiki, mkono utakuwa unakwenda kwenye vitufe vilivyokufa kwa mazoea. Anza kuangalia baada ya hapo, na uangalie zaidi namna unavyoteua maandishi, kwa sababu hapo ndipo kibodi ya 60% inapopimwa. Kusogeza kishale peke yake ni rahisi: vitufe viwili. Kuteua neno zima ni Ctrl, Shift na mshale, vitatu kwenye 65%. Kwenye 60% ni hivyo vitatu na Fn juu yake. Mhariri wa maandishi hufanya hivi mamia ya mara kwa siku. Anayejaza majedwali ya hesabu hurukaruka kwa Ctrl na mshale kutoka kisanduku hadi kisanduku. Anayekata video husogea fremu kwa fremu kwa mshale, huku mkono wa pili ukiwa kwenye kipanya. Hawa watatu wakiniomba ushauri ninawaambia 65% bila kusita.

Kuna watu ambao hawatasikia pengo lolote. Mtumiaji wa Vim, programu ya kuhariri maandishi kwa vitufe, husogea kwa H, J, K na L, na mishale kwake ni pambo. Kwenye Mac, sehemu nyingi za kuandikia zinakubali Control pamoja na F, B, N na P kwa kusogea, na A au E kwa mwanzo na mwisho wa aya. Kwenye dirisha la amri la Linux, Ctrl na P hurudisha amri iliyotangulia bila kugusa mshale wa juu. Ukiwa umeshazoea mambo haya, vitufe vya ziada vya 65% vitakaa na kofia mpya miaka nenda rudi.

Jambo la mwisho la kuangalia ni mkono mmoja. Unapopitia picha au kurasa za hati ndefu, je, mkono wa kushoto uko kwenye kibodi au umeshika simu? Mishale halisi inafanya kazi kwa mkono mmoja popote ulipo. Mishale ya Fn inategemea Fn iko wapi.

Hatua ya 3: Chora matabaka yako kwenye karatasi

Tabaka ni seti ya pili ya kazi inayolala chini ya vitufe vilevile. Ukishikilia Fn, L inakuwa mshale, 1 inakuwa F1. Kwenye kibodi za kujiundia kazi hii hufanywa na chipu ya kibodi yenyewe, si na kompyuta. Kwa hiyo mpangilio wako unakufuata ukichomeka kwenye kompyuta nyingine yoyote, na unafanya kazi hata kwenye skrini ya kuwashia mashine kabla mfumo haujaamka. Programu inayotumika zaidi ni QMK. Kuibadilisha bila kuandika msimbo, hutumika VIA au Vial, ambazo hufunguka hata kwenye kivinjari cha jamii ya Chrome, na mabadiliko huingia papo hapo.

Kabla hujanunua 60%, chukua karatasi uchore vitufe 61 na uamue kila kilichokosekana kitakaa wapi. Ukishindwa kwenye karatasi, utashindwa na mezani. Kuna njia tatu zilizojaribiwa na wengi.

Ya kwanza ni ya Happy Hacking Keyboard, kibodi iliyotolewa na PFU ya Japani mwaka 1996. Fn imekaa pembeni mwa Shift ya kulia, na mishale iko kwenye mabano ya mraba ya kufungulia kwa juu, nukta mkato kwa kushoto, alama ya ' kwa kulia na mkwaju kwa chini. Kila kitu kinapatikana kwa mkono wa kulia peke yake. Ukiitaka, bodi lazima ikubali Shift ya kulia iliyogawanywa: u 1.75 na u 1.

Ya pili ni kukifanya kitufe cha nafasi kiwe Fn kinaposhikiliwa, na kibaki nafasi kinapoguswa tu. Dole gumba linafanya kazi ambayo siku zote lilikuwa na nguvu ya kuifanya. Wanaoandika kwa kasi sana, vidole vikipandana, hulalamika kwamba nafasi zao huchelewa au kumezwa.

Ya tatu ndiyo ninayoipendekeza kwa anayetoka kibodi ya kawaida. Shift ya kulia ikiguswa inakuwa mshale wa juu, ikishikiliwa inabaki Shift. Vitufe vitatu vya mwisho vya safu ya chini vinakuwa kushoto, chini na kulia kwa mtindo huohuo. Mishale inarudi pale mkono ulipoizoea na hujapoteza kitufe hata kimoja. QMK hutofautisha kugusa na kushikilia kwa muda wa milisekunde 200 usipoubadilisha, na unaweza kuupunguza au kuuongeza mpaka ukukae. Ina kasoro moja: ukitaka mshale ujirudie, huwezi kuushikilia tu, maana utakuwa Shift. Inabidi uguse, kisha uguse tena haraka na kushikilia.

Kona ya juu kushoto ina mzozo wake. Kitufe kimoja kinagombewa na Esc na alama za ` na ~. QMK ina kitufe cha pamoja: kikiguswa ni Esc, kikiguswa na Shift ni ~. Kwenye 65% unaweza kuupeleka mzozo huu kwenye safu ya pembeni na kuumaliza.

Hatua ya 4: Ihoji bodi ya saketi

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupita haraka, kwa sababu bodi haionekani kibodi ikishafungwa. Mimi ningekaa hapa kuliko mahali pengine popote.

Swali la kwanza ni kama ina soketi za kuchomeka swichi au inataka kulehemu. Soketi zinakuruhusu kung'oa swichi na kuweka nyingine bila moto. Kwa kibodi ya kwanza chukua soketi, hakuna haja ya kubishana. Ujue tu unachokitoa: soketi zimekwishawekwa mahali pake, kwa hiyo mipangilio inayowezekana ni michache. Bodi ya kulehemu huwa na matundu ya ziada ya kugawa Backspace, kugawa Shift ya kulia, au kubadilisha kitufe cha nafasi cha u 6.25 kiwe cha u 7. Kama uliipenda ile njia ya Happy Hacking, hakikisha bodi ya soketi unayoitazama ina Shift iliyogawanywa. Nyingi hazina.

Swali la pili ni miguu ya swichi. Bodi nzuri hukubali swichi za miguu mitano. Zile zinazokubali mitatu zitakulazimu kukata miguu miwili ya plastiki kwenye kila swichi ya mitano. Si balaa, ni usumbufu.

Swali la tatu ni taa. Kama taa ya kila swichi iko upande wa juu, ule wa skrini, baadhi ya swichi zitagusana na kofia za umbo la Cherry (mojawapo ya maumbo ya kawaida ya kofia), hasa safu ya katikati, na mbofyo utasikika mkavu kabla haujafika chini. Taa za upande wa chini hazina tatizo hilo. Bodi isiyo na taa kabisa nayo hailina.

Swali la nne ni tundu la USB-C. Kwenye baadhi ya kibodi tundu liko juu ya bodi yenyewe. Kwenye nyingine liko kwenye bodi ndogo ya pembeni iliyounganishwa kwa waya mfupi. Chagua hii ya pili ukiweza. Tundu ndilo sehemu inayovutwa na kusukumwa kila siku, na likifa utabadilisha kipande kidogo badala ya bodi nzima.

La tano, chipu. Bodi za zamani hutumia ATmega32U4, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32, na sehemu yake huliwa na programu ya kuwashia. Inatosha kwa mpangilio wa kawaida na matabaka manne ya VIA. Ukianza kurundika taa za rangi na mbinu nyingi za kugusa na kushikilia, itajaa. Bodi zenye RP2040 hazina dhiki hiyo.

Kisha kuna jambo linaloipa 60% heshima yake, na ambalo waanzaji hawaambiwi. Bodi nyingi za 60% zinazofungwa kwa skrubu chini ya kasha hufuata vipimo vilevile vilivyotokana na kibodi ya Poker na mradi wa GH60: matundu ya skrubu yako mahali pamoja, USB iko kushoto kwa umbali mmoja. Unaweza kununua kasha kwa huyu, bodi kwa yule, bamba (kipande kinachoshika swichi juu ya bodi) kwa wa tatu, na vikakaa pamoja. Bodi ikiungua miaka mitano baadaye, utapata nyingine. Kwenye 65% hakuna kiwango kama hicho. Kila mtengenezaji ana vipimo vyake, na bodi yake ikiisha sokoni kasha lako la aluminiamu linakuwa kizuizi cha karatasi. Ukiipenda 65%, nunua bodi ya akiba siku ileile kama inauzwa peke yake. Kama haiuzwi peke yake, hilo nalo ni jibu.

Hatua ya 5: Bodi imeshikwaje ndani

Mitindo ni mingi, utakayokutana nayo zaidi ni minne. Skrubu za chini hushika bodi moja kwa moja kwenye sakafu ya kasha. Ni rahisi na nafuu, lakini vitufe vilivyo karibu na skrubu huwa vigumu kidogo kuliko vingine, na mwenye kidole chepesi hulitambua hilo. Kuning'iniza juu ni kulifunga bamba kwenye nusu ya juu ya kasha. Mguso wake ni thabiti na wa kufanana. Gasketi ni vipande laini vya sponji au silikoni vinavyolishika bamba kati ya nusu mbili za kasha, hivyo vitufe vinazama kidogo unapobofya. Na kuna mpira wa duara unaozunguka bodi na bamba kisha kubanwa ndani ya kasha, mtindo uliozoeleka kwenye 60% kwa kuwa hauhitaji skrubu za ndani.

Neno gasketi limekuwa la biashara. Gasketi ngumu iliyobanwa sana haiwi na tofauti yoyote na skrubu. Usilipe zaidi kwa neno hilo pekee. Tafuta maelezo ya watu waliokwisha kuitumia, na waulize kuhusu mguso, wakuachie sauti.

Bamba ni rahisi kueleza. Brasi na aluminiamu ni magumu na sauti yake ni ya juu. Polikaboneti na POM, ambazo ni plastiki, hupinda na kutoa sauti nzito. Faibaglasi, ile ambayo bodi za saketi hutengenezwa nayo, iko katikati na mara chache humuudhi mtu. Bamba linabadilika kwa bei ndogo, kwa hiyo usikeshe juu yake.

Hatua ya 6: Kofia, mtego wa 65%

Seti yoyote ya kofia inaikaa 60% ya kawaida. Shift ya kulia ni u 2.75, vitufe vya chini vyote ni u 1.25, kitufe cha nafasi ni u 6.25: vipimo vya kibodi ya ofisini. Kwenye 65% Shift ya kulia inapungua hadi u 1.75 ili mshale wa juu upite, na Alt, Fn na Ctrl za kulia mara nyingi zinakuwa u 1. Seti za bei nafuu zinaweza kukosa hizo, na utajikuta na kibodi nzuri yenye pengo moja bila kofia.

Kuna la pili, lisiloonekana kwenye picha. Kofia za umbo la Cherry au OEM zina kimo tofauti kwa kila safu. Page Down iliyotengenezwa kwa kibodi kubwa inapowekwa pembeni mwa Enter itakuwa na mwinamo usioendana na majirani zake. Seti zinazotaja 65% waziwazi huja na kofia za kimo sahihi. Ukiwa tayari una seti uipendayo, itandaze mezani na uihesabu dhidi ya picha ya kibodi kabla ya kuagiza chochote. Au chukua umbo la kimo kimoja, kama DSA au XDA, ambapo kofia yoyote ya u 1 inakaa popote.

Kuhusu plastiki: ABS hung'aa kwa mafuta ya vidole baada ya muda, PBT huvumilia zaidi.

Hatua ya 7: Swichi na stebilaiza

Hapa pita haraka, maana vyote hivi vinabadilika. Za laini zinashuka moja kwa moja, za kugonga zina kinundu katikati, za kelele zina kinundu na mlio. Cherry MX Red ya laini inaanza kuhisi kwa nguvu ya takriban gramu 45, Black kwa 60. Nunua chache zaidi ya idadi ya vitufe, kwa sababu mguu mmoja au miwili itapinda.

Stebilaiza, zile nyaya zinazofanya vitufe virefu vishuke sawasawa, ndizo zinazoharibu kibodi nzuri zikiachwa kavu. Nunua za kufungwa kwa skrubu kwenye bodi na uzipake grisi nzito kwenye ncha za waya. Kwa mshangao wa wengi, 65% inahitaji chache kuliko 60%: nne badala ya tano, kwa kuwa Shift yake ya kulia ni fupi mno kuhitaji waya.

Hatua ya 8: Jumla ya gharama

Bei inayoandikwa kwenye ukurasa wa kifurushi kwa kawaida ni ya kasha, bodi na bamba. Swichi, stebilaiza, kofia, grisi, waya na usafirishaji huja juu yake, na kasha la aluminiamu linalozidi kilo moja hufanya usafirishaji uwe mzigo wa kweli. Andika jumla mbili, moja kwa kila kibodi, ukiongeza ushuru wa forodha wa unakoishi. Kwa 65% ongeza bodi ya akiba na, ikibidi, nyongeza ya kofia.

Ukikutana na ununuzi wa pamoja, ambao watu hulipa kwanza na kiwanda huanza kazi baadaye, fahamu kwamba unasubiri miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na pesa imeshatoka. Kwa kibodi ya kwanza nunua iliyoko ghalani. Mtu asiyejua bado kama anahitaji mishale hana sababu ya kuungoja uamuzi wake mwaka mzima.

Hatua ya 9: Kata shauri

Kama jaribio la hatua ya 2 lilikuonyesha kwamba unateua maandishi kwa mishale kila mara, chukua 65%. Usijidanganye kwamba utazoea. Wapo wanaozoea, lakini hakuna tuzo ya kuzoea, na sentimita mbili hazitoshi kukulipa.

Kama mishale ilikutoka akilini siku ya nne, au kama ulifurahia kuchora matabaka kuliko ulivyotarajia, chukua 60%. Utapata uhuru wa kuchanganya makasha na bodi, kofia za seti yoyote, na kifaa kinachoingia kwenye mkoba bila kupangiwa nafasi.

Ukikwama katikati, angalia nani mwingine atakayeigusa. Kibodi ya mezani inayotumiwa na watu wawili haifai kuwa 60%. Wa pili atatafuta Delete mpaka akuite.

Hatua ya 10: Siku kifurushi kinapofika

Usifunge chochote kwanza. Chomeka bodi tupu kwenye kompyuta, fungua ukurasa wa majaribio wa VIA, na ugusanishe matundu mawili ya kila swichi kwa ncha za kibano. Kila kitufe kiwake kwenye skrini. Bodi yenye kasoro hurudishwa kirahisi kabla ya kuguswa. Ikishalehemiwa, muuzaji atakuwa na maswali.

Weka stebilaiza kabla ya bamba, na uzijaribu kwa kidole. Kisha chomeka swichi za pembe nne kwanza ili bamba likae sawa, halafu za katikati. Kila swichi itazame miguu yake ikiwa imenyooka, uishushe wima, na ushikilie soketi kwa nyuma kwa kidole, maana nguvu nyingi huibandua kwenye bodi. Jaribu vitufe vyote tena kabla ya kufunga skrubu.

Ukishapanga matabaka, hamisha mpangilio kutoka VIA kama faili na ulihifadhi nje ya kompyuta hiyo. Programu ya ndani ikisasishwa, mpangilio unaweza kufutika, na hutapenda kukumbuka upya mshale wa kushoto uliuweka wapi.